Usingizi wa Biasha

Huko Lionja, mtoto akichelewa kuamka, mama yake humuuliza kama amerithi usingizi wa Biasha. Wengi wanaouliza hivyo hawakumjua Biasha alipokuwa msichana, nao wanadhani ni maneno ya kutia chumvi. Si kweli. Ukweli wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko chumvi yote waliyoongeza.

Biasha aliweza kulala amesimama, mchi mkononi, na mahindi kinuni yakamsubiri. Alilala kisimani akingoja zamu ya kuteka maji. Siku ya harusi yake alisinzia katikati ya nasaha, na wanawake waliokuwa wakimfunda namna ya kumtunza mume wakalazimika kuanza upya, kuanzia kwenye maji ya kuoga. Hakuwa mvivu. Akiwa macho alilima vizuri, akapika vizuri, akacheka na kila mtu. Tatizo ni kwamba alikuwa macho kwa nadra.

Mungu naye ana mambo yake, maana alimpa mtoto huyo mama anayeitwa Mwamini. Bi Mwamini alikuwa mjane mwembamba mwenye sauti kubwa, na kulala kwake kulikuwa kwa mashaka mashaka tu. Majirani walisema majogoo wa Lionja walikuwa wakimsubiri yeye akohoe ndipo wawike. Katika kumwamsha binti yake alikuwa fundi. Alianza na mwiko juu ya sufuria. Sufuria ikishindwa, alinyunyiza maji. Maji yakishindwa alichuchumaa miguuni pa Biasha, akamkwaruza unyayo kwa ukucha wa kidole gumba, kutoka kisiginoni mpaka vidoleni, polepole, na hapo hata Biasha aliruka.

Sasa, mwaka mmoja hivi baada ya Wazungu kuanza kung'oa pori la Nachingwea ili walime karanga, Biasha aliolewa na Shaibu, kijana wa Malolo, upande wa Ruangwa. Shaibu alikuwa dereva wa trekta huko kwenye mashamba ya karanga. Alivaa kofia ya kitambaa kizito na kutembea amepanua miguu kidogo, ili hata akiwa chini watu wajue kwamba kawaida yake yuko juu. Kijana mwema, mpole, lakini kwa Bi Mwamini alikuwa na kasoro moja. Kwa desturi ya huko, mwanamume akioa huhamia kwa wakwe zake, akashika jembe na kumlimia mama mkwe, mpaka mama mkwe aridhike kwamba binti yake hakutupwa. Shaibu hakulima. Alikaa kambini Nachingwea, akaja Lionja siku za mapumziko na sukari, sabuni na kipande cha kitambaa.

"Sukari," alisema Bi Mwamini akiipima kwa mkono. "Nzuri. Na kesho itashika jembe?"

Maneno hayo hakumwambia Shaibu mwenyewe. Mkwe na mama mkwe hawaongei ana kwa ana, wala hawatazamani usoni. Hiyo ni heshima. Bi Mwamini akiwa na neno kwa Shaibu, aliliambia kinu kilichokuwa katikati ya ua. "Wewe kinu, mwambie mgeni wako uji uko tayari." Na Shaibu, akiwa amegeukia ukuta, alikijibu kinu. "Wewe kinu, mshukuru sana mama." Basi kinu kile kilisikia mambo mengi mwaka ule kuliko karani wa baraza.

Biasha alimpenda mume wake na hakutaka asemwe. Akajiapia kwamba jembe la Shaibu atalishika yeye. Alilima sehemu yake na sehemu ya mume, akipumzika hapa na pale chini ya mti wowote uliokuwa karibu, na mvua zilipoanza alikuwa amemaliza kupanda. Na wakati uo huo ikajulikana kwamba ana mimba.

Kwa mimba ya kwanza wanawake hukusanyika, hupigwa ngoma, na mwenye mimba hupewa miko. Aliyeitoa siku hiyo hakuwa mwingine ila Bi Mwamini, kwa sababu kungwi wa Lionja yote alikuwa yeye. Miko alikuwa nayo kichwani imepangwa kama vyungu vya mfinyanzi, na aliitoa mmoja mmoja. Usile yai, mtoto atazaliwa na upara. Usisimame mlangoni, mtoto atakwama. Usivae mkufu shingoni, kitovu kitamzunguka. Usimtazame nyani usoni, mtoto atafanana naye. Biasha aliisikia yote, isipokuwa ile iliyosemwa wakati amesinzia, na hiyo aliambiwa tena kesho yake.

Akaishika kwa moyo wake wote. Yai hakuligusa hata jirani alipopika la kukaanga upande wa pili wa ukuta, na harufu ikaja mpaka kitandani. Mlangoni alipita mbio. Mkufu wake wa shanga aliuvua akaukabidhi kwa mdogo wake, Swaumu, ambaye aliuvaa kwa furaha na hakuurudisha tena.

Kazi ilikuwa kwa nyani. Mahindi yalipoanza kutoa mbelewele, nyani walishuka kutoka vilimani, na mtu ilibidi akae shambani juu ya dungu la miti mchana kutwa kuwafukuza. Zamu hiyo kwa haki ilikuwa ya mkwe. Kwa kuwa mkwe alikuwa juu ya trekta, Biasha alipanda dunguni. Na kwa ajili ya mwiko aliwatukana nyani akiwa amewapa kisogo. "Nendeni zenu, msio na haya!" alipiga kelele akitazama upande wa pili, na nyani wakubwa walikaa chini wakasikiliza, kisha wakaendelea kula.

Hilo lingevumilika. Lakini mimba ilikuwa imeongeza usingizi juu ya ule wa zamani. Siku moja Bi Mwamini alikuja shambani adhuhuri, akamkuta binti yake amelala chali dunguni, mdomo wazi, na chini yake nyani jike amekaa na mwanawe wakimenya mahindi bila haraka yoyote. Mistari mitatu ya mahindi ilikuwa imebaki mabua.

Jioni ile kinu kiliambiwa mambo mazito. Kiliambiwa kwamba mwaka jana watu walikula mihogo mpaka meno yakalegea, na mwaka huu watakula mabua. Kiliambiwa kwamba kuna wanaume wanaolima mashamba ya Wazungu huku mama zao wakwe wakilimiwa na nyani. Shaibu, aliyekuwa amekuja siku hiyo na sabuni, aliangalia ukuta tu. Biasha alilia kimya kimya, na hata kulia hakukumaliza kabla hajalala.

Shaibu akarudi kambini na donge moyoni. Huko kambini kulikuwa na mtu anaitwa Dastani, dereva mwenzake, askari wa zamani aliyerudi kutoka vita vya Burma na kikohozi na maarifa mengi. Dastani ndiye aliyekuwa na vidonge vya kukesha. Vilikuwa vidogo, vyeupe, na alivipata kwa watu wa malori ya Lindi; alisema vitani walivimeza wakatembea msituni bila kusikia usingizi wala njaa. Madereva walivimeza kazi ilipozidi. Shaibu mwenyewe alikuwa amevimeza mara kadhaa na hakufa. Akawaza: kama kidonge kinamfanya mwanamume aendeshe trekta bila kusinzia, kitashindwa na dungu?

Akavitia kwenye kopo la sigara, akampelekea mke wake kwa siri kama mtu anayepeleka manukato.

"Kimoja asubuhi," alimwambia. "Mama hatakusema tena."

Biasha alikimeza cha kwanza akiwa na wasiwasi, na kabla jua halijapanda vizuri akajua kwa mara ya kwanza maishani mwake watu wengine wanaishi namna gani. Dunia ilikuwa na mambo mengi! Kulikuwa na ndege wanaoimba asubuhi. Kulikuwa na vijia shambani vinavyohitaji kufagiliwa. Siku ile alifukuza nyani, akapalilia chini ya dungu, akasuka mkeka nusu, akarudi nyumbani mbio akateka maji mara nne, akakaa akamsimulia Swaumu habari za kila nyani kwa tabia yake. Chakula hakukitaka. Nani ana muda wa kula?

Bi Mwamini hakuwa mtu wa kudanganywa siku mbili. Siku ya tatu alipekua, akalipata kopo chini ya mkeka. Akamwita binti yake, akavimwaga vidonge kiganjani, akavinusa, akagusa kimoja kwa ncha ya ulimi.

"Hivi ni nini?"

"Dawa ya usingizi kuondoka, mama. Kaniletea Shaibu."

Bi Mwamini akakaa chini, akashika tama. Hakuwa mama mzembe, na jambo lolote linaloingia kinywani mwa mwenye mimba lilikuwa juu yake. Akaipitia miko yote kichwani, mmoja baada ya mwingine, midomo ikicheza. Yai? Si yai. Nyama ya mnyama mwenye madoa? Hapana. Cha kuungua? Cha pacha? Kilichoanguka njiani? Alipofika mwisho akarudi mwanzo, ili kuhakikisha.

"Haimo," alisema.

Na kwa kuwa haimo, ikawa halali. Tangu siku hiyo kopo likakaa kwake, na kila alfajiri alimpa binti yake kidonge kimoja pamoja na kibakuli cha uji. Uji Biasha aliuacha. Kidonge alikimeza. Kopo lilipokaribia kwisha, kinu kikaambiwa kimwambie mgeni wake kwamba ile zawadi ilikuwa njema na iletwe nyingine. Shaibu akaleta kopo jingine lililojaa, akajisikia mkwe kamili kwa mara ya kwanza.

Kisha Bi Mwamini akaanza kujisifu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Mwanangu amebadilika," aliwaambia wanawake kisimani. "Si yeye, ni huyu aliye tumboni. Mjukuu wangu ni mchapakazi hata kabla hajazaliwa." Wanawake walikubali. Walimwona Biasha akipita mbio na kuni kichwani, akizungumza na kila mtu na bila mtu. Walisema mtoto anayekuja ataamka hata kabla ya bibi yake, na majogoo itabidi watafute kazi nyingine.

Mahindi yalikomaa. Nyani walihamia shamba la jirani. Biasha alikuwa amesahau mwiko na siku hizi aliwatukana uso kwa uso, akiwatolea macho, na wao ndio waliogeuza visogo.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo halina mzaha. Mwenye mimba hufunga nguo, na kadiri miezi inavyokwenda, ncha ya nguo inayobaki baada ya fundo hupungua. Bi Mwamini alikuwa akiitazama ncha hiyo kwa wanawake wote aliowahudumia. Ya Biasha ilipungua mwanzoni. Kisha ikasimama. Mwezi ukaandama, ukaisha, ukaandama mwingine, na ncha ilikuwa inaning'inia palepale. Mikono ya Biasha ilikuwa imekonda, macho yamekuwa makubwa, na midomo mikavu. Bi Mwamini aliona, akajiambia kwamba ni kwa sababu ya kazi nyingi, akaongeza tui la nazi kwenye uji. Biasha hakuunywa uji wenye nazi kama alivyokuwa haunywi usio na nazi.

Shaibu alikuwa hajaja kwa wiki nyingi, maana trekta zilikuwa zikikimbizana na mvua. Alipokuja, hakuja na sukari. Alikuja na habari. Dastani alikuwa amekesha siku mbili kwa nguvu ya vidonge vyake, akaanza kuona watu wa Burma katikati ya karanga, akaendesha trekta moja kwa moja juu ya kichuguu kuwakwepa. Hakuumia sana. Lakini Shaibu alikuwa amemshika alipotolewa, na alihisi moyo wa mtu yule ukigonga kifuani mbio mbio, meno yakisagana, jasho likimtoka.

Akaingia uani Lionja, akamkuta mke wake anatwanga. Biasha alimwona akafurahi, akaanza kusema, na hakunyamaza. Shaibu hakusikia maneno. Alikuwa akitazama taya lake, namna lilivyokuwa likisaga huku na huku kila alipopumua. Akaweka mkono juu ya tumbo lake. Tumbo lilikuwa dogo kuliko alivyolitarajia, na ndani yake kitu kilikuwa kikitetemeka.

Bi Mwamini alitoka jikoni. Kwa mazoea akageukia kinu. "Wewe kinu, mwambie mgeni wako—"

"Mama," alisema Shaibu.

Mchi ulianguka. Swaumu, aliyekuwa akichambua mboga, aliacha mdomo wazi. Shaibu alikuwa amegeuka, ameivua kofia, na alikuwa akimtazama mama mkwe wake machoni mbele ya kila mtu.

"Nisamehe, mama. Ukitaka kunifukuza, nifukuze kesho. Lakini lile kopo nipe sasa, na usimpe tena hata kimoja. Vitamuua mtoto."

Bi Mwamini alijifunika uso kwa upande wa kanga, kwa aibu ya kutazamwa. Kutoka ndani ya kanga ile sauti yake ilisikika ndogo, watu hawakuizoea.

"Havimo kwenye miko," alisema.

"Najua, mama. Bibi zetu wangeviwekeaje mwiko? Hawakuviona."

Kopo likatolewa. Shaibu akaazima baiskeli, akamfungia mke wake mto nyuma, akamsukuma na kumwendesha kwa zamu mpaka hospitali ya misheni. Bi Mwamini aliambiwa abaki. Hakubaki, alitembea nyuma yao njia nzima, na kila walipopumzika alitokea.

Nesi aliyewapokea aliitwa Teodosia, mwanamke mnene mwenye mikono ya baridi. Alimlaza Biasha, akampima, akaweka sikio lake tumboni kwa muda mrefu, akaenda kumwonyesha daktari vidonge, akarudi.

"Sitawadanganya," alisema. "Daktari anavijua vidonge hivi kwa askari na madereva. Kwa mtoto aliye tumboni, anasema, watu bado hawajaandika mengi. Lakini yanayoonekana tunayaona. Vimemnyima mama njaa, na mama asipokula, mtoto naye anakula wapi? Vimeibana mishipa ya mama, kwa hiyo hata damu inayomfikia mtoto inafika kidogo. Na moyo wa mama ukikimbia hivi, wa mtoto hautulii. Mtoto ni mdogo kwa miezi yake. Yuko hai. Anaweza kuja kabla ya wakati."

"Yai hakula," alisema Bi Mwamini ghafla. "Nesi, niandikie mahali. Yai hakugusa. Mlangoni hakusimama."

Teodosia akamtazama mama yule mwembamba mwenye vumbi mpaka magotini, akaketi kando yake kwenye benchi.

"Najua, mama. Umemlinda kwa kila ulichokijua. Sasa mlinde na hiki pia. Ale, na alale. Akitaka kulala mchana, alale mchana."

Basi Biasha akalala. Siku za kwanza bila kidonge alilia bila sababu, akatetemeka, kisha usingizi wake wote uliokuwa umefukuzwa ukarudi pamoja, nao ulikuwa umekasirika. Alilala hospitalini, akalala juu ya baiskeli akirudi huku Shaibu amemshika kwa mkono mmoja, akalala Lionja. Akiamka alikula. Bi Mwamini alipika, akanyata uani kwa vidole vya miguu, na mwiko wake wa sufuria aliuficha juu ya dari ili mkono usije ukasahau. Ncha ya nguo ikaanza kupungua tena, kidogo kidogo. Bi Mwamini aliitazama kila siku. Hakuna alichokitaka duniani ila ncha ile ipungue.

Mtoto hakungoja mwisho wa hesabu. Alikuja mapema, msichana, mdogo kiasi kwamba Shaibu aliogopa kumshika akasema mikono yake ina mafuta ya trekta. Wakamwita Moza.

Na Moza, yule mchapakazi aliyesifiwa kisimani, alilala tu.

Hakulia. Hakunyonya. Alipewa titi, akalishika mdomoni kwa muda mfupi, kisha macho yakafumba na mdomo ukalegea. Biasha alimtikisa, akamwimbia, akamkamulia maziwa midomoni, yakachuruzika shavuni. Siku ya pili ikawa hivyo. Uso wa mtoto ukaanza kuwa kama wa kizee. Watu walioingia kumwona walitoka wakiongea kwa sauti ya chini, na sauti hiyo kila mtu anaijua.

Biasha alimgeukia mama yake. Kwa miaka yote alikuwa amemwogopa mtu huyu asubuhi.

"Mama," alisema, "mwamshe. Wewe unajua. Mwamshe kama ulivyokuwa ukiniamsha mimi."

Bi Mwamini akatazama vidole vyake. Kisha akaenda akaukata ukucha wa kidole gumba mpaka kwenye nyama, akaulainisha kwa kuusugua juu ya jiwe, akarudi akachuchumaa mbele ya binti yake. Akakishika kile kiguu kidogo, akapitisha kidole kwenye unyayo, kutoka kisiginoni mpaka vidoleni, polepole. Moza akakunja uso. Akapitisha tena. Moza akafungua kinywa akatoa sauti nyembamba ya hasira, na Biasha akamtia titi kinywani kabla sauti haijaisha. Akanyonya. Akasinzia. Kidole kikapita. Akanyonya tena.

Hivyo ndivyo Moza alivyoishi. Kila alipopaswa kunyonya, bibi alikuwa miguuni na mama alikuwa kifuani, na Shaibu, aliyeomba ruhusa kazini, alikuwa jikoni akiunguza ugali. Kinu hakikuwa na kazi tena zaidi ya kutwanga, kwa sababu mkwe na mama mkwe walikuwa wanaongea moja kwa moja. Wazee walilalamika. Bi Mwamini aliwajibu kwamba wakitaka heshima ya zamani waje wapike wao.

Mzaha haufuti kila kitu. Moza alibaki mdogo kuliko wenzake. Alichelewa kutembea na alichelewa zaidi kusema. Alipokua hakuweza kutulia. Kwenye chuo cha Kurani mwalimu alimfunza herufi moja wiki nzima, na Jumamosi ilikuwa imemtoka. Kama ni vidonge au ni kuzaliwa mapema au ni kazi ya Mungu tu, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika, hata Teodosia, ambaye Biasha alimuuliza kila alipokwenda misheni. Biasha alijua yeye anadhani nini. Kulikuwa na siku alikaa akimtazama mtoto wake akihangaika kufunga fundo ambalo wenzake walilijua, na moyo ulimuuma, na hakuna kilichouponya. Lakini Moza alicheka sana, alipenda kila mtu, na aliwatukana nyani vizuri kuliko mtu yeyote wa Lionja.

Mashamba ya karanga ya Wazungu yalikufa mapema, kama mnavyojua. Shaibu alirudi na kofia yake, akashika jembe, akapanda mikorosho, na mama mkwe akaridhika kabisa. Miaka ikaenda mpaka Swaumu naye, yule wa mkufu, akaolewa, akapata mimba ya kwanza. Wanawake wakakusanyika tena. Bi Mwamini alikuwa amezeeka, lakini miko ilitoka kinywani mwake kwa mpango uleule, yai, mlango, mkufu, nyani. Biasha alikuwa ameketi nyuma, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Alikuwa amelima tangu asubuhi. Maneno ya mama yake yalimjia kwa mbali, na macho yake, bila kumwomba ruhusa, yakafumba.

Miko ikaisha. Mpiga ngoma akainua mikono.

"Bado mmoja," alisema Bi Mwamini.

Wanawake wakatazamana, maana hapo ndipo miko ilipokuwa inaishia siku zote.

"Huu si wa Swaumu. Swaumu asikilize tu. Huu ni wetu sisi wakubwa. Mwenye mimba akilala, ni mwiko kumwamsha. Asimezeshwe kitu cha kumfukuzia usingizi, hata kitoke kwa mumewe, hata kitoke kwa Mzungu, hata kiwe cheupe namna gani. Nyani wakija, wale."

Mama mmoja mtu mzima akauliza mwiko huo umetoka kwa nani, kwa kuwa bibi zao hawakuutoa.

"Umetoka kwangu," alisema Bi Mwamini. "Niliuvunja kwanza, ndipo nikaujua."

Biasha, aliyekuwa amesikia yote akiwa katikati ya kulala na kuamka, akasikia viungo vya mama yake vikilia alipoinuka, na hatua zake zikija. Akamsikia akichuchumaa. Mkono ukaushika mguu wake, nao unyayo wenyewe ukajikunja ukiusubiri ukucha. Ukucha haukuja. Mama yake aliivuta kanga iliyokuwa imeteleza, akaufunika mguu, akawaambia wanawake wapige ngoma polepole.